Michango haitoshi: kiangazi hiki tuanze na mitaro au rangi ya ukuta? Nyumba 22, Mtwara

CherehaniBarazani

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo ya watu wanaoishi kwenye nyumba za uzio mmoja, hasa huku Kusini. Niliwahi kuuliza kwa jamaa wa Dar, wakaniambia nijiandae kwa vuli na masika. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, kwa hiyo ratiba yao hainifai.

Tuko Mtwara, njia ya kwenda Naliendele. Nyumba zetu zilijengwa miaka ya gesi, 2012 hadi 2014, wakati kila mwenye kiwanja mjini alikuwa anajenga ili apangishe. Wageni wa gesi walipungua, sisi tukabaki. Kati ya nyumba 22, wenye nyumba tunaoishi humu ni tisa. Zilizobaki zina wapangaji, mbili ziko tupu, na wenyewe wako Dar, Dodoma na mmoja Muscat.

Chama tunacho, kina katiba ya kurasa nne na akaunti benki. Mchango ni shilingi 30,000 kwa nyumba kwa mwezi. Tangu Machi mimi ndiye katibu. Nilikubali kwa sababu nashona nyumbani, cherehani yangu iko barazani, na mtaro mkuu unapita mbele yangu. Nauona kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Nimeuona ukijaa mchanga kidogo kidogo, nimeona watoto wakiruka mifuniko iliyovunjika, na Februari niliyaona maji yakirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Yaliingia nyumba namba 14 hadi 17, zile za bondeni. Namba 16 anakaa bibi mmoja na wajukuu wawili. Tulimtolea godoro saa nane usiku, limeshalowa lote. Bibi huyo hajawahi kukosa mchango hata mwezi mmoja. Jambo hili linanikaa moyoni kila nikifungua daftari la malipo.

Sasa hesabu. Wanaolipa ni nyumba 13, yaani 390,000 kwa mwezi. Mlinzi wa usiku, umeme wa pampu ya kisima na taa za geti vinakula 370,000. Inabaki 20,000. Benki kuna 940,000, akiba ya miaka. Mafundi wamenipa bei hizi: kuzibua mitaro, vibarua wanne siku sita, pamoja na kutengeneza mifuniko mipya tisa, 480,000. Gari la kunyonya karo la maji taka la pamoja, safari mbili, 200,000. Kusafisha tangi kubwa, 60,000. Rangi ya geti na ukuta wa mbele, 1,300,000.

Kwenye kikao cha Jumapili wengi walitaka rangi. Mwenyekiti wetu ni mtu mwema na hoja yake si ya kupuuza: nyumba mbili hazina wapangaji, na mpangaji akifika anatazama geti kwanza. Anasema tuchangishane 360,000 juu ya akiba, geti ling'ae, nyumba zijae, kisha michango itaongezeka na mitaro tutaifanya Oktoba. Mimi naona Oktoba tutakuwa tumechelewa, ila sikuweza kueleza vizuri kwa nini, nikabaki kusema "mvua, mvua" mpaka kikao kikaahirishwa wiki mbili.

Naomba mnisaidie. Nyie mnaanza na nini kiangazi? Na hawa wasiolipa, kuna aliyependekeza tuwafungie maji ya kisima. Ni sawa kweli? Na wenye nyumba walio mbali mnawapataje?

---

FundiMikindani

Dada Cherehani, pole kwa kazi. Mimi ni fundi ujenzi, nafanya Mikindani na Mtwara mjini, miaka kumi na sita sasa. Wewe una haki, na sababu nakupa uende nayo kikaoni.

Oktoba hupati vibarua. Kuanzia Septemba watu wanaingia kwenye korosho. Kijana anayekubali kuzibua mtaro kwa 15,000 leo, msimu ukianza yuko Tandahimba au Newala anaokota korosho za mjomba wake, na aliyebaki mjini anakutajia bei yake mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na kazi ya mtaro mita 60, nikaisogeza hadi mwisho wa Oktoba kwa sababu mwenye kazi alisubiri hela. Nilifanya na watu wawili badala ya watano, mvua ya kwanza ikatukuta tumefika katikati, mchanga wote tuliotoa ukarudi ndani. Kazi ya udongo ni ya Juni, Julai na Agosti. Ardhi imekauka, mchanga mwepesi, gari la karo linaingia hadi ndani bila kuzama.

Lakini kuna neno umelisema nataka uliangalie kabla hujalipa mtu: maji *yalirudi nyuma*. Mtaro uliojaa mchanga unafurika, maji yanapanda juu na kutawanyika. Maji yakirudi nyuma maana yake huko mbele kuna kitu kimeyazuia, au mtaro hauna mwinuko. Ukizibua mchanga peke yake utalipa 480,000 na bibi wa namba 16 atalowa tena.

Fanya hivi, haina gharama. Tafuta mpira mweupe wa maji, ule mafundi tunaopimia levo, ujaze maji usiwe na povu la hewa. Mmoja ashike juu ya mtaro, mwingine ashuke nao. Mtaro wenu ungetakiwa ushuke angalau sentimita moja kila mita moja. Mahali pasiposhuka weka alama ya chaki. Halafu nenda kwenye ukuta wa uzio, pale mtaro unapotokea nje. Hapo ndipo mimi nakuta matatizo mengi. Watu wanajenga ukuta baadaye, fundi anaacha kitundu cha kupitisha panya, na ukuta unageuka bwawa. Uangalie pia maji yakitoka yanaelekea wapi. Kama kuna shamba la mtu, usimpelekee mafuriko, ongea naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla hujabomoa tofali.

Kuhusu rangi: ukuta ambao chini unanyonya maji masika yote, rangi yake inabambuka kabla ya mwaka. Nimekwangua kuta za aina hiyo nyingi, unakuta chumvi nyeupe kama unga chini ya rangi. Maliza maji kwanza, ukuta ukauke, ndipo upake. Mwambie mwenyekiti ni hela yake hiyohiyo ninayoilinda.

Mabati hukuuliza ila nakuongezea. Kiangazi panda uangalie misumari ya bati, ule mpira wa chini umekufa au la, na kutu kwenye kofia. Sisi wa karibu na bahari kusi linatuletea chumvi miezi yote hii. Msumari mmoja uliolegea unabadilishwa kwa mia kadhaa, silibodi iliyooza unajua bei yake.

---

Namba9

Sisi tulifunga maji, mtaa fulani hapa Mtwara, siutaji. Ndani ya siku tatu watu watano walilipa. Msiwaonee huruma, huruma ndiyo inayoua vyama.

---

MamaMsinjahili

Shikamoo kwa walionizidi, wengine hamjambo. Mimi niko Lindi, nasimamia nyumba 12 za ndugu na majirani, mwaka wa saba huu.

Namba9 mwanangu, siku tatu zilikwenda vizuri, lakini kwetu tulijaribu na tulijuta. Uliyemfungia maji ni mpangaji. Yeye kodi ameshalipa ya miezi sita, deni ni la mwenye nyumba ambaye yuko mbali na bomba lake linatoka. Mama mwenye kichanga alianza kuteka kisima cha jirani kisichofunikwa, mtoto akaharisha. Hatukuwa na uso wa kumtazama. Na mpangaji alipohama nyumba ilikaa tupu miezi minane, mchango ndio ukafa kabisa. Maji usiyaguse, dada Cherehani. Funga vitu ambavyo mtu hafi kwa kuvikosa: haki ya kupiga kura kikaoni, barua ya utambulisho akitaka kuuza au kutafuta mpangaji kupitia chama. Iandikwe kwenye katiba yenu.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Tatizo lenu mnaliita la michango midogo. Mimi naliona ni la *mwezi* wa kuchanga. Huku Kusini hela ina msimu wake. Minada ya korosho ikianza Oktoba ndipo hela inatembea, mkulima analipwa, mwenye duka anauza, hata mshonaji kama wewe unajua nguo nyingi zinashonwa lini. Na hapo mvua imeshabisha hodi. Kazi inatakiwa Juni, hela inakuja Novemba. Ndiyo maana kila mwaka mnafika kikaoni kiangazi mifuko mitupu mnagombania rangi na mtaro.

Sisi tuligeuza. Mchango wa ulinzi na umeme unabaki wa kila mwezi. Lakini mchango wa matengenezo tunautoa mara moja, kati ya Novemba na Desemba, na *hauguswi* hadi Juni. Mvua yote unalala benki. Mwaka wa kwanza ilikuwa shida, tulianza na nyumba saba tu. Tulichokifanya, mwaka ule tulikopa kazi: fundi alikubali kulipwa nusu Julai na nusu Desemba, tukaandikiana kwa mtendaji. Mwaka wa pili tukawa tumeingia kwenye mzunguko. Sasa ikifika Mei najua nina kiasi gani, napanga bila kumpigia mtu magoti.

Tangi. Usikubali mtu aingie na brashi na sabuni ya kufulia akuambie amemaliza. Linatolewa maji yote, linasuguliwa tope la chini, linasuuzwa, kisha linajazwa na kutiwa klorini ya unga, ile ya asilimia 65 hadi 70. Mimi natia gramu 80 kwa kila lita 1,000, naikoroga kwanza kwenye ndoo, nafungua kila bomba kidogo ili dawa ipite kisha nalifunga, naacha saa 24, halafu maji yote yanamwagwa mbali na bustani. Siku hiyo hakuna anayekunywa, kwa hiyo tangaza siku mbili kabla watu wajaze ndoo. Anayeingia ndani ya tangi asiwe peke yake, awepo mtu juu ya mfuniko anayemuona.

Na nyie mko karibu na mikorosho, gata msisafishe sasa mkadhani mmemaliza. Salfa, dawa ya unga ya mikorosho, inapulizwa kuanzia Juni hadi karibu Septemba, ule unga unatua juu ya bati pamoja na vumbi. Gata na mabati safisheni mwishoni mwa Oktoba, na mvua ya kwanza msiikinge kwa kunywa.

Jingine, vifaa nunueni mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga, magari yalilala njiani siku kadhaa. Boya la tangi letu lilikuwa limevunjika wiki hiyohiyo na dukani hakukuwa na jingine. Tangu hapo naweka boya moja na koki mbili kabatini.

---

MwenyeNyumbaMbagala

Naandika kama mmoja wa hao "wasiolipa", si wa kwenu lakini ni hukohuko Mtwara. Nina nyumba kwenye uzio kama huo, nimeacha kuchanga mwaka wa pili sasa. Nawaambia sababu ya kweli.

Nilikuwa natuma kila mwezi kwenye simu ya mweka hazina. Sikuwahi kupata risiti wala taarifa. Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp mtaro umefanywa lini, nikajibiwa "uje uone". Nauli ya kwenda kuona mtaro ni kubwa kuliko mchango wenyewe. Nilipokuja kwenye msiba wa shangazi nikakuta geti lina rangi mpya na nyumba yangu ina alama ya maji ukutani hadi magotini. Moyo ulikufa pale.

Dada katibu, mimi ningelipa kesho kama ningetumiwa vitu vitatu tu: picha ya mahali palipoharibika, bei ya fundi kwa mwandiko wake, na picha ya baada ya kazi. Na tofauti na wengi wanavyofikiri, sisi wa mbali tunaijali nyumba, ndiyo pensheni yetu. Tunachokosa ni macho. Wewe unakaa barazani unauona mtaro kila siku, basi tuazime macho yako.

---

CherehaniBarazani

Nimerudi. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Fundi wa Mikindani, Mungu akuzidishie. Jumanne nilimchukua kijana wa namba 5 na mpira wa mita ishirini tukashuka na mtaro wote. Mwinuko upo, isipokuwa mita kama nane mbele ya namba 12. Kilichonishtua ni ukutani. Tulipofukua mchanga tukakuta mtaro wenye upana wa sentimita 40 unatoa maji yake nje kwa bomba la inchi nne, na bomba lenyewe nusu limeziba. Ukuta ule wa nyuma ulijengwa 2019, kabla ya hapo palikuwa na senyenge na maji yalikuwa yanapita tu. Miaka yote hii tumekuwa tunalaumu mchanga. Nilikaa chini pale pale, nikamkumbuka bibi na godoro lake.

Fundi amesema atatoboa ukuta na kuweka bomba la inchi 12 pamoja na zege pembeni kwa 310,000. Nyuma ya ukuta kuna shamba la mikorosho la mzee mmoja. Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa. Mzee alikuwa mkali mwanzoni, na ana haki, maana hata sasa maji yanayopenya yamekula mizizi ya mkorosho mmoja. Tukakubaliana tuchimbe mfereji kufuata mpaka wake hadi kwenye korongo, na vibarua wetu ndio wataufanya. Tumeandikishana.

Halafu nikafanya alichosema wa Mbagala. Nilipiga picha sita: bomba, mtaro, mifuniko, ukuta wa namba 16 wenye alama ya maji, karatasi ya bei ya fundi, na ukurasa wa daftari unaoonyesha salio. Nikawatumia wote walio mbali, kila mmoja kwake, si kwenye kundi. Wa Muscat alijibu usiku uleule, akatuma 180,000, miezi yake sita. Wa Dodoma amesema mwisho wa mwezi. Wengine wawili wamesoma wakanyamaza. Nitawatumia tena kazi ikiisha.

Kikao cha pili kilikuwa jana. Nilianza na ule mpira badala ya maneno, nikawapeleka wote hadi ukutani. Mwenyekiti aliinama akalitazama bomba kwa muda mrefu, akasema rangi isubiri. Amejitolea kununua chokaa mwenyewe apake nguzo za geti, ili nyumba zile mbili zisionekane zimetelekezwa.

Hesabu imekaa hivi: mitaro 480,000, ukuta 310,000, tangi 60,000, karo 200,000. Jumla 1,050,000. Tulikuwa na 940,000 na sasa 180,000 za Muscat, inabaki 70,000 ya mabati ya kibanda cha pampu. Maji hatufungi, tumepiga kura, wawili tu ndio walitaka.

La kuchanga msimu wa korosho halijapita, mama wa Lindi. Wenye mishahara wanasema wao hela yao haina msimu. Nimewaambia basi wachague, kila mwezi elfu tano au Novemba 60,000 kwa mkupuo, mradi isiguswe hadi Juni. Watajibu kikao kijacho. Naomba kama una ile karatasi mliyoandikiana na fundi kwa mtendaji, unitumie maneno yake tu, majina yafiche.

Jumamosi vibarua wanaanza saa moja asubuhi, kuanzia chini kupanda juu. Machepe yapo matatu na toroli moja. Namba9, kama uko karibu na una toroli la pili, tuazime siku mbili, nitalirudisha limeoshwa.

---

Namba9

Toroli lipo. Nitalileta Ijumaa jioni. Na mkimaliza huo ukuta nitaomba fundi aje aangalie na wa kwetu.